Awamu ya Kwanza

Mke alisubiri mpaka mumewe alipoingia uvunguni mwa trekta kukagua kama mafuta yanavuja, ndipo akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa mkataba, ukurasa wa tatu.

“Hili ni kweli?”

Muuzaji aliinama, akasoma. “Ni kweli, mama. Limo kwenye mikataba yetu yote ya mkopo.”

Akaomba kalamu, akayapigia mstari maneno hayo.

Mume akatoka na grisi mashavuni. Majirani walimwita Taslimu, na jina lilimkaa, maana maishani mwake hakuwahi kukopa hata kiberiti. Pesa za trekta zilikuwa benki, zote. Walikuwa wameuza shamba la bondeni, nusu ya ardhi yao, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umegoma kushika jembe. Ukilipa taslimu, ulipunguziwa asilimia nane. Ukikopa, ulilipa bei kamili kwa miaka minne, bila riba hata senti.

“Asilimia nane, mama watoto! Tunaziachaje?”

“Ziache. Tukimaliza pesa leo, binti atasoma chuo kwa kitu gani? Tukope. Na mkataba uandikwe kwa jina langu.”

Hilo lilimchoma. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, halafu leo haaminiki na trekta! Lakini alimjua mkewe, akishasema, amesema. Akanuna, akaenda zake kupigapiga matairi teke.

Muuzaji aliuliza umri, kazi na namba ya simu, basi. Mke akasaini.

Mwisho wa mwezi alikwenda mwenyewe kulipa awamu ya kwanza, siku tatu kabla ya tarehe. Aliporudi alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo, akalala mchana kutwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Taslimu hakuwa na raha. Kila akipanda trekta aliona kama amekalia kiti cha mtu. Kibaya zaidi, mke alikuwa anakonda. Sketi zake sasa alizibana kwa pini, na chakula alikigusagusa tu. Deni hilo, Taslimu alijiambia. Anajifanya jasiri, kumbe linamla. Roho ilimuuma kweli, maana alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyojua kusema.

Awamu ya pili ilipokaribia, alivaa shati lake la kutokea, akaenda benki bila kuaga. Akatoa zote. Muuzaji alibishana naye asubuhi nzima, mwishowe akakubali kumpunguzia asilimia tano ya salio.

Alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi ya trekta, anachambua mbegu.

“Kwisha kazi! Hatudaiwi na mtu!” Akampa risiti. Kisha akatoa boksi kwapani. Kwa pesa aliyopunguziwa alikuwa amemnunulia viatu. “Ngozi tupu hii. Mwenye duka kasema vinakaa miaka kumi.”

Mke alisoma risiti, akairudia. “Pesa haziwezi kurudishwa?”

“Zirudi ziende wapi? Si unaona muhuri!”

“Na ada ya binti?”

“Tutalima, mimi na wewe. Tutaipata tu.”

Machozi yakamtoka mke, na Taslimu akacheka kwa furaha, akamfuta kwa kiganja chake kigumu. “Sasa utanenepa, mama watoto. Ulidhani sikuoni?”

“Ulikuwa unaniona,” mke alisema. “Asante, baba watoto.” Akavaa viatu, akatembea hatua chache uani ili mumewe avione.

Taslimu akaingia ndani kuhifadhi risiti kwenye bahasha ya mkataba, ambayo kwa hasira zake hakuwahi kuifungua. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na maneno yaliyopigiwa mstari: mkopaji akifariki baada ya kulipa awamu ya kwanza, salio lote linafutwa.

Nyuma yake ilikuwa imebanwa, kwa pini ya sketi, barua ya daktari iliyoandikwa wiki moja kabla ya siku waliyonunua trekta. Ilimpa mkewe miezi mitano.