Pumzi za Bibi

Kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba Siwema amerithi hatari ya saratani ya mapafu, ile iliyomwondoa mamake.

"Si lazima uugue," daktari alimwambia, "ila moshi uukimbie."

Jioni alikuwa bandani akibanika samaki kama kawaida. Angeukimbiaje moshi uliokuwa ukimlisha? Moto ukaanza kufifia. Kabla hajainama, bintiye Tunu alishachuchumaa mbele ya kuni.

"Pisha, mama, wewe hujui kupuliza. Bibi alisema pumzi zake nimezirithi mimi."

Siwema akaweka kiganja kati ya makaa na mdomo wa mtoto. Tunu akadhani ni mchezo, akacheka, akapuliza kwa nguvu. Pumzi ikatua kiganjani, yenye uvuguvugu. Samaki walikuwa bado wabichi, na Siwema hakuuondoa mkono.