Mshale Unaojiendea

Mshale kwenye kioo cha kompyuta ulisogea, na Sikudhani hakuwa amegusa kitu. Ulikwenda taratibu hadi kwenye kipimo cha klorini, dawa ya kusafishia maji, ukakipandisha mara kumi.

Hakushtuka mara moja. Katika idara ya maji ya mji ule watumishi wote walitumia nywila moja, ya bosi wao Bwana Mhando, na waliweza kuuendesha mtambo hata kwa simu wakiwa mbali, ili kazi isilale mmoja wao akienda msibani. Leo walikuwa wamekwenda wote kuzika, yeye akabaki zamu. Akampigia bosi.

"Mkubwa, ni wewe uliyeingia kwenye mtambo?"

"Mtambo gani, binti? Nina koleo mkononi, tunafukia."

"Na wenzangu?"

"Wote wako hapa, hata mlinzi. Ubwabwa umeukosa wewe tu." Kisha sauti ikabadilika. "Kwani kuna nini?"

Sikudhani alirudisha kipimo chini. Kikapandishwa tena.

"Kuna mtu humu ndani na simjui. Anazidisha dawa kwenye maji. Itaunguza watu matumbo!"

"Badilisha nywila!"

"Ameshaibadilisha yeye, ya zamani inakataa."

"Basi funga valvu kuu, kwa mkono!"

Alikimbia hadi kwenye tangi, akashika gurudumu la chuma la valvu, ambalo lilikuwa halijaguswa tangu kompyuta zilipoletwa. Likagoma. Akaliegemea kwa uzito wake wote, likalia, likasogea kidogo. Chini ya kilima, kwenye bomba la mtaa, mwanamke alikuwa amekinga ndoo, na maji yalikuwa bado yakitoka.