Tumbusi Wanane na Sindano Moja

Tumbusi wanane walikuwa wakishukia mzoga wa ng'ombe wangu, ndani ya uzio wa hifadhi ya kulishia tumbusi, dada mlinzi wa ndege aliponigeukia.

"Kaka Sukhram, alichomwa sindano kabla ya kufa?"

"Alichomwa. Alikuwa akilia kwa maumivu, ningefanyaje?"

"Langoni ulisema ameuawa na uzee!"

"Uzee wenye maumivu, dada."

"Dawa gani? Ziko mbili. Moja haina neno. Nyingine ikibaki nyamani, inaua tumbusi wote watakaokula. Na hawa ndio waliotubakia."

Nilifikiri. Chupa ilikuwa ndogo, na daktari wa mifugo alikuwa na haraka. Kifuniko kilikuwa chekundu. Au cha buluu. Nilimwomba Mungu anikumbushe, lakini kila nilipofumba macho niliona ulimi wa ng'ombe ukinilamba mkono.

"Mtharu gani wewe, mtu wa kabila la wafuga ng'ombe," alifoka, "usiyejua ng'ombe wako akifa anakwenda kwa nani?"

Tumbusi wa kwanza alitua, akakanyaga ubavu, akainamisha shingo yake isiyo na manyoya.

Nilipenya chini ya uzio, nikakimbia, nikajilaza juu ya mzoga, mikono wazi.

Yule akaruka pembeni. Wenzake wakatua kunizunguka, wakangoja.