Pole Saba

Mjinga siku hiyo nilikuwa mimi, na sina wa kumsingizia. Nilijitolea kupanga foleni ya chanjo kwenye uwanja wa shule, nikavishwa bangili ya kubebea homa. Msimamizi alinionya: ukiwa umeivaa, ukimwambia aliyechanjwa "pole", homa yake inahamia kwako, na mtu haruhusiwi kubeba zaidi ya saba kwa mwaka.

Nikafunga mdomo mpaka saa nne. Akaja bibi mmoja, akachomwa sindano, akakunja uso, na ulimi ukaniponyoka. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshawapa pole watu saba. Mmoja wao hata hakuwa akilalamikia sindano, alikuwa amejikwaa tu akitoka.

Nilirudi nyumbani meno yakigongana. Mke wangu, Mwanahawa, alinifunika blanketi la pili, kisha akaisoma bangili.

"Saba zote, Baba Rukia? Na mtoto anachanjwa kesho. Si tulikubaliana homa yake utaibeba wewe?"

"Utaibeba wewe basi, mara hii tu."

"Kwa mgongo upi?"

"Ni mazoea, mke wangu. Ndivyo tulivyolelewa. Ukimwona mtu anaumia, pole inatoka yenyewe, huwezi kujizuia."

Aliketi ukingoni mwa kitanda taratibu, mkono kiunoni.

"Mimi mgongo unaniuma tangu Ramadhani," akasema, "na umejizuia vizuri tu."