Damu Iliporudi

Du-du, du-du. Mapigo yalimpokea binti mlangoni, kabla hajauona moyo wenyewe. Ulikuwa moyo wa panya, mdogo kama harage, ukining'inia kwenye mrija wa maabara huku spika ikiukuza mdundo wake.

Alikuja kuchukua vitabu vyake tu. Masomo ya uzamili alishayaaga wiki iliyopita, walipomzika baba.

"Karibu, daktari mtoro," fundi wa maabara alimtania. "Nimeubana mshipa wake nusu saa. Hebu ulegeze, mwenzio apumue."

Binti alizungusha skrubu ya kibano. Moyo uliruka kwa furaha mara tatu, ukatetemeka ovyo, kisha spika ikanyamaza.

"Nimeuua!"

"Si wewe uliyeuua. Moyo ulionyimwa hewa ukiipata ghafla huzaa radikali huru, chembe zenye wazimu. Zinautafuna kutoka ndani."

Binti aliiachia skrubu. Baba alikataa kuzibuliwa mshipa wa moyo. Binti ndiye aliyembembeleza mpaka baba akasaini. Ulipozibuka, baba alitabasamu, akaomba chai. Chai ilipofika, hakuwepo wa kuinywa. "Ungemwacha," mama alimwambia mbele ya waombolezaji.

"Dawa ya kuzizuia chembe hizo ipo?"

"Panya wanakwisha, dada. Jibu bado."

Aliviacha vitabu mezani, akampigia mama.

"Umeshafunga mizigo?"

"Sirudi, mama. Nakuahidi, sitakanyaga nyumbani mpaka nijue namna ya kuurudishia moyo damu bila kuuua."