Kitana cha Perusi

Nitegulieni hiki, wajukuu: shamba langu liko juu mlimani, nalilima kwa meno. Mmeshindwa? Ni kichwa na kitana.

Basi Tabea alifiwa na mwanawe, aliyetumbukia kisimani siku aliyoachiwa wifi yake Perusi amwangalie. Mwaka mzima, Sala ya Bwana ikifika kwenye kusamehe, Tabea alinyamaza. Nywele nazo hazikuguswa.

Jumamosi, kesho yake Pasaka, Perusi alisimama mlangoni na kitana.

"Wifi, nikusuke twende kwenye kilio cha mwaka cha mtoto, ule msuko wa wafiwa?"

Tabea alichambua mchele mpaka ukaisha. Kisha akamsogezea kigoda, akaketi mkekani mbele yake, akafungua kilemba. Kitana kikaanza kukwama nyweleni.

"Taratibu, hicho kichwa si katani," alisema Tabea. "Na huo msuko hapana, wifi. Nisuke wa sikukuu. Ukimaliza, keti hapa nami nikusuke."