Mwendo wa Baba Yake

Kabla hata hawajaitwa ndani pale hospitali, mama mkwe alikuwa ameshaisikiliza sauti ile ya moyo wa mjukuu mara kumi na nne. Aliibana simu sikioni kama mtu anayepokea umbeya, akihesabu kwa midomo. Tu, tu, tu, tu, tu. Kimya kidogo. Tu, tu, tu, tu, tu. Kimya tena.

"Unamsikia anavyoruka?" alimwambia mkwewe pale kwenye benchi. "Hatua tano, kisha anachechemea. Huyu kachukua mwendo wa baba yake."

Mkwe alicheka, halafu akafuta macho. Mumewe alichechemea tangu utotoni, na sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu wamzike. Mama mkwe hakuwa na mtoto mwingine. Kilichombakia duniani kilikuwa tumboni mwa msichana huyu.

Tangu juzi mtoto hakuwa amecheza. Asubuhi ile walipanda kilima hadi kwa mkunga karibu wanakimbia, na mkwe alipolala kitandani alikuwa bado anahema. Mkunga aliweka kifaa chake kidogo cha kusikilizia juu ya tumbo, akakihamisha huku na huko kwa muda mrefu. Ndipo sauti ikatoka. Mkunga alitazama saa, akahesabu mapigo mia moja na kumi na mbili. Alisema yako chini kidogo lakini yanatosha, ila waende hospitali kubwa kwenye ultrasaundi, mtoto aonekane alivyolala. Mama mkwe aliomba airekodi sauti ile.

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa na giza na baridi. Mpimaji, kijana mpole mwenye miwani, alipaka tumbo jeli na kuanza kutelezesha kifaa. Mama mkwe alisimama upande wa kichwani akimsimulia habari za mwanawe, na kwamba nguo alizovaa mwanawe akiwa mchanga bado anazo sandukuni, jana amezifua na kuzianika. Mpimaji aliitikia kwa kichwa. Halafu akaacha kuitikia.

Aligeuza skrini, akabaki anaiona peke yake. Akarudi mahali palepale, mara ya pili, mara ya tatu.

Mama mkwe hakuupenda ukimya ule. Vijana wa siku hizi, aliwaza, ukimpa mashine tu anaanza kuringa. Akamsogezea simu.

"Sikiliza, baba. Ni ya leo asubuhi hiyo. Moyo upo."

Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama mkunga alimshika mgonjwa mkono kupima mapigo yake mwenyewe wakati anahesabu.

"Mkono una nini?" mama mkwe alimjibu. "Sisi tumeleta tumbo."

Kijana hakucheka. Alisema anakwenda kumwita daktari, akalifunika tumbo kwa shuka, polepole, kama anayemfunika mtu aliyelala. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Mama, mbona hajasema kitu?"

"Hawa hawasemi mpaka daktari aje. Ndiyo kazi yao ilivyo. Tulia, mwanangu."

Akamshika mkono ili amtulize, vidole vyake vikazunguka pale chini ya kiganja. Mshipa ulikuwa unagonga kwa nguvu. Na midomo yake, iliyokwisha kuzoea tangu asubuhi, ikaanza kuhesabu yenyewe.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Kimya kidogo.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.